Impela ya mashine ya boti inakufa kila mara? Soma iliyokufa kabla ya kufunga mpya

Mashine kuukuu za Yamaha Enduro, zile za kuchanganya petroli na oili, hazichoki upesi. Kinachozimaliza pwani yetu ni kuchemsha, na kuchemsha mara nyingi huanzia kwenye impela, yale mapezi ya mpira ndani ya pampu ya maji, juu ya gia boksi. Kama umeibadilisha na baada ya muda mfupi mashine imechemsha tena, usikimbilie kulaumu spea. Sababu iko kwenye ile uliyoitoa.

1. Hakikisha ni pampu. Mashine ikiacha kutema maji, izime, chokonoa kitundu cha kutemea kwa kipande cha mshipi mnene. Pengine ni mchanga au chumvi tu. Maji yakirudi kwa nguvu, usifungue kitu.

2. Shusha gia boksi. Chomoa waya za plagi kwanza, maana ukizungusha propela kwa mkono mashine inaweza kuwaka. Tenganisha fimbo ya gia, ndipo ufungue bolti. Zilizoganda kwa chumvi usizilazimishe. Zimwagie oili ya kulegeza kutu, ziache zilale hadi kesho. Bolti ikikatikia ndani ya alumini, hapo tena ni kazi ya karakana.

3. Soma impela. Hapa usiharakishe. Ioshe, itazame juani.

Ncha za mapezi zikiwa zimeungua na mpira umekuwa mgumu, ilizunguka kavu. Muulize nahodha anawashaje. Wengi huiwasha ikiwa imeinuliwa, eti kuipasha, na sekunde chache tu zinatosha kuuchoma mpira, kwa sababu maji ndiyo yanayoulainisha.

Ncha zikiwa zimeliwa kama zimepigwa msasa, ni mchanga, hasa kwa boti zinazolazimishwa kupita fungu wakati wa bamvua maji yakiwa yamekupwa. Pitisha ukucha ndani ya kikombe cha chuma ambamo impela huzunguka, na juu ya bamba la chini yake. Ukucha ukikwama kwenye mitaro, impela mpya itaanza kuliwa siku ileile. Kwa uzoefu wangu hii ndiyo sababu kubwa ya tatizo kujirudia: mtu ananunua mpira peke yake, kikombe na bamba vinabaki vya zamani. Nunua seti nzima, hata kama itabidi usubiri mauzo ya wiki nyingine.

Mapezi yakiwa mazima lakini kitovu kinateleza ndani ya mpira, au ile kii ya nusu mwezi, kichuma kinachoishika impela kwenye shafti (fimbo inayoizungusha), imekatika, basi shafti inazunguka na impela imesimama.

Pezi likikosekana, lisake mpaka ulipate. Limepanda na maji kwenye bomba. Puliza upepo kutoka juu kuja chini. Lisipotoka, fungua kifuniko cha maji kwenye silinda. Kipande hicho kikibaki, silinda moja inaweza kuchemsha hata pampu ikiwa mpya kabisa.

4. Funga. Paka maji ya sabuni kwenye impela. Zungusha shafti kwa mwendo wa saa ukiitazama kutoka juu, huku unakandamiza kikombe kishuke, ili mapezi yalale upande sahihi. Bomba la maji liingie sawasawa kwenye raba yake. Raba iliyopasuka ibadilishe. Grisi paka kwenye meno ya shafti pembeni, si kichwani.

5. Jaribu kwenye pipa, maji yakiwa juu ya usawa wa pampu. Yakitoka mfululizo, sawa. Ukiona mvuke, zima papo hapo.

Baada ya hapo ni juu ya nahodha. Kila safari ikiisha, isuuzwe kwa maji baridi yasiyo na chumvi. Na akikaribia ufukwe, azime mashine kabla haijaanza kuchimba mchanga, aiinue, amalizie kwa upondo.