Mfupa ukivunjika, supu peke yake haitoshi

Nilipovunjika muundi baada ya kugongwa na boda, kila mgeni aliyepanda ngazi zetu hapa Pipeline, Nairobi, alileta supu ya mifupa. Nilishukuru na nikainywa yote. Lakini supu hiyo, hata ichemke usiku kucha, ina kalsiamu kidogo sana; madini mengi hubaki kwenye mfupa wenyewe sufuriani. Mgonjwa wa mfupa anahitaji chakula cha kutafuna. Nami nasema haya kwa aliyekwisha kuonwa na daktari na kufungwa plasta, kwa sababu hakuna chakula kinachonyoosha mfupa uliokaa upande.

Hatua ya 1: protini kila mlo. Wiki za mwanzo mwili husuka gegedu na nyuzi laini za kushika ncha mbili za mfupa, kisha ndipo madini huingia na kuzikaza. Nyuzi hizo ni protini. Kula mayai, ndengu, maharagwe, maziwa, samaki. Wengi tukilazwa kitandani tunaishi kwa chai na mkate, na hilo linaniuma kila ninapoliona.

Hatua ya 2: omena, yaani dagaa. Omena huliwa nzima na mifupa yake, ndiyo maana kwa kalsiamu inaishinda nyama. Chagua iliyokauka na inayong'aa kama fedha. Ikiwa ya kahawia na inanuka mafuta yaliyochacha, iache. Iloweke kwa maji moto dakika 5, uisuuze hadi usione tena mchanga chini ya beseni. Kaanga kwa mafuta kidogo mpaka uisikie ikichakarika ukiikoroga, ndipo utie kitunguu, nyanya na hoho. Kamulia limau baada ya kuepua, kwa kuwa moto hupunguza vitamini C, na bila vitamini hiyo mwili hausuki kolajeni imara, yaani zile nyuzi za protini.

Pembeni weka sukuma wiki. Kalsiamu yake huingia mwilini vizuri kuliko ya spinachi au terere (mchicha), ambazo zina oksaleti nyingi, kemikali inayoishika kalsiamu isifyonzwe. Asubuhi kunywa uji wa wimbi uliochachushwa. Mtu mzima anahitaji takriban miligramu 1,000 za kalsiamu kwa siku, na glasi moja ya maziwa hutoa kama 300.

Hatua ya 3: jua. Bila vitamini D kalsiamu hiyo haifyonzwi ipasavyo. Ploti zetu zimebanana hata mchana taa inawaka. Shemeji alikuwa akinisaidia kupanda hadi juu, penye kamba za nguo, nikae mikono na mguu usio na plasta ukiwa wazi. Kuota jua nyuma ya kioo hakusaidii; kioo huzuia miale inayohitajika.

Sigara acha kabisa, huchelewesha mfupa kuunga.

Maswali

*Dada, ninunue vidonge vya kalsiamu?*
Ukila vizuri huenda usivihitaji. Ukiandikiwa, usimeze zaidi ya miligramu 500 kwa mara moja, na vile vya aina ya kalsiamu kabonati meza pamoja na chakula. Aliyewahi kuwa na mawe ya figo amuulize daktari kwanza.

*Jirani ananiambia ninywe chai ya majani ya komfri.*
Usinywe, tafadhali. Yana sumu inayoharibu ini. Mlonge kwenye mboga ni sawa.

*Mama mkwe ana miaka 68, aliteleza bafuni tu akavunjika kifundo cha mkono.*
Pole, mpe pole zangu. Kuanguka kidogo hivyo kukivunja mfupa, huenda mifupa yake imepungua uzito. Umri wake unahitaji miligramu 1,200. Mwombeni daktari ampime uzito wa mifupa, msingoje avunjike nyonga.

*Plasta ina siku mbili, vidole vimekuwa baridi na vina ganzi. Nile nini?*
Ndugu yangu, usile chochote kwa ajili ya hilo. Plasta imebana. Rudi hospitali sasa hivi, hata kama ni usiku.