Ulinunua amana ya safari ijayo ukiwa melini? Hivi ndivyo inavyoingia kwenye buking mpya

Wateja wangu wengi hapa Houston hupanda meli za kitalii bandari ya Galveston, na karibu kila kundi hurudi na risiti ya amana ya safari ijayo iliyonunuliwa melini. Miezi inapita. Siku wanapotaka kusafiri tena wanaingia mtandaoni, wanachagua meli, wanalipa kwa kadi, na baadaye ndipo simu inalia: "Dada, ile hela yangu ya melini mbona siioni?" Huioni kwa sababu hakuna aliyeiambia kampuni iitumie. Bado imekaa kwenye akaunti yako, na muda wake unazidi kupungua.

Kabla ya yote, elewa kwamba amana hii ina vitu viwili ndani yake. Cha kwanza ni pesa yako mwenyewe, uliyoitoa mapema, ambayo itahesabiwa kama malipo ya awali ya safari mpya. Cha pili ni zawadi: kampuni inakuwekea hela ya matumizi ndani ya meli kwa kuwa ulijifunga mapema. Vinakwenda pamoja, lakini kwenye karatasi vinaandikwa sehemu mbili tofauti, na mara nyingi kimoja huingia na kingine kikaachwa nje.

Hatua ya 1: Jua ulichonacho mkononi

Nitatumia Princess Cruises kama mfano mkuu, maana utaratibu wao ni rahisi kufuata. Unalipa dola 100 kwa kila mtu ukiwa melini, unapewa miaka miwili ya kuchagua safari, na usipoitumia pesa hiyo inarudishwa. Ukibuki nayo, kila mtu anapata hela ya matumizi melini, kiasi chake kikitegemea urefu wa safari na aina ya kabini. Amana hiyo ni ya aliyeinunua. Huwezi kumpa shemeji yako.

Norwegian Cruise Line wao wana vyeti wanavyoviita CruiseNext, na kanuni zake ni karibu kinyume. Cheti hakirudishwi fedha, lakini unaweza kumpa mtu mwingine, na muda wake ni miaka minne. Vilevile kuna kikomo cha vyeti vinavyoruhusiwa kwa kabini moja, kulingana na siku za safari. Kwa hiyo usichukue ushauri wa rafiki aliyesafiri na kampuni nyingine ukadhani ni wako pia. Huko ndiko mabishano mengi ya kwenye makundi ya WhatsApp yanakoanzia.

Kitu cha tatu kinachochanganywa na hivi ni mkopo wa safari iliyoghairiwa, ambao si deni, bali ni thamani ya pesa unayowekewa uitumie kwa safari nyingine. Huo huununui, unapewa kampuni inapofuta safari, au wewe unapoahirisha kwa masharti fulani. Ulienea sana baada ya Machi 2020, mamlaka ya afya ya Marekani, CDC, ilipozuia meli za kitalii kusafiri. Royal Caribbean, kwa mfano, iliwapa abiria wa safari zilizofutwa mkopo wa asilimia 125 ya nauli waliyolipa. Mkopo wa namna hiyo kwa kawaida hupunguza nauli yenyewe, wakati amana huhesabiwa kwenye malipo ya awali. Ukipiga simu ukataja kimoja ukimaanisha kingine, mhudumu atatafuta mahali pasipo na kitu na kukwambia huna chochote.

Hatua ya 2: Soma tarehe kwa makini

Fungua akaunti yako kwenye tovuti ya kampuni, tafuta amana, kisha uangalie tarehe ya mwisho. Usitosheke na kuiona tarehe yenyewe. Jiulize: hiyo ni tarehe ya mwisho ya *kubuki* au ya *kusafiri*? Ikiwa ni ya kubuki, una nafasi kubwa kuliko unavyodhani. Kampuni hufungua ratiba zao mapema sana, nyingine hata miaka miwili mbele, kwa hiyo mtu anaweza kubuki wiki ya mwisho ya amana yake safari itakayoondoka muda mrefu baadaye. Ikiwa ni ya kusafiri, meli lazima iwe imeng'oa nanga kabla ya siku hiyo, na hapo hakuna ujanja.

Hapohapo angalia jina. Kwetu hili ni tatizo la kila siku. Safari ya kwanza mtu alijiandikisha kwa jina lake na la baba, safari ya pili akaongeza la babu kwa sababu ndivyo pasipoti mpya ilivyoandikwa, na mfumo ukamtengenezea namba mbili za uanachama. Amana iko kwenye namba ya zamani, buking inafanyika kwenye namba mpya, haviwezi kuonana. Piga simu waunganishe namba hizo kabla hujaanza kutafuta meli. Ni kazi ndogo ukiifanya mapema, lakini ukiiacha hadi kabini unayoitaka imebaki moja, utajuta.

Hatua ya 3: Tafuta bei kama mtu asiye na amana

Ushauri huu nautoa nikijua unanipunguzia biashara: linganisha bei kwanza, amana baadaye. Watu wenye dola 200 zao kwenye kampuni moja hujiona wamefungwa hapo, wakaacha safari nzuri ya kampuni jirani iliyo nafuu kwa dola 500. Kama amana yako inarudishwa, haikufungi hata kidogo. Kama hairudishwi, ipe uzito wa kile ulicholipa, basi.

Unapolinganisha, chukua jumla ya mwisho: nauli, kodi na ada za bandari, pamoja na bakshishi ya wahudumu. Kampuni kubwa nyingi hutoza bakshishi kila siku kwa kila mtu, na kiasi chake ni zaidi ya dola 15, hata kwa mtoto. Familia ya watu wanne kwa siku saba inapita dola 420 kwa hiyo peke yake. Bei ya tangazo haiitaji.

Kisha uliza kama ofa unayoiona inakubali kuunganishwa na amana. Nyingi zinakubali. Zinazosumbua mara nyingi ni bei maalumu za dakika za mwisho na baadhi ya bei za makundi. Kama mnasafiri kwa kundi la harusi au la kanisa chini ya mkataba mmoja, muulize aliyeshika mkataba kabla ya kutoa jina lako.

Hatua ya 4: Hakikisha pasipoti inaruhusu safari hiyo

Miongozo mingi ya meli imeandikwa kwa mwenye pasipoti ya Marekani, na hapa ndipo inapotuacha njiani. Ukiwa na pasipoti ya Tanzania, Kenya au Kongo, safari ya Mediterania inahitaji viza ya Schengen, ile viza moja ya nchi nyingi za Ulaya, hata kama una green card, yaani kadi ya ukaazi wa kudumu wa Marekani. Na ikiwa meli inaondoka Barcelona, inatoka nje ya eneo la Schengen, kisha inarudi, viza iwe ya kuingia zaidi ya mara moja.

Kwa green card, Meksiko ni rahisi: mkaazi wa kudumu wa Marekani haombi viza ya huko. Kanada nayo, tangu 2022, mwenye green card halali na pasipoti hai haombi kibali cha kielektroniki. Hili la Kanada lina maana kuliko linavyoonekana. Safari za Alaska kutoka Seattle karibu zote hugusa Victoria au bandari nyingine ya Kanada, kwa sababu sheria ya Marekani ya mwaka 1886 hairuhusu meli yenye bendera ya nje kubeba abiria kati ya bandari za Marekani bila kupitia nchi nyingine. Mtu anadhani anakwenda "Marekani mpaka Marekani", kumbe anavuka mpaka. Aliye kwenye kesi ya ukimbizi ambayo haijaamuliwa asibuki chochote kabla ya kuongea na mwanasheria wake.

Nimeliweka hili kabla ya kubuki kwa makusudi. Amana haisimamishi saa kwa sababu ubalozi umechelewa kukupa miadi.

Hatua ya 5: Buki, na amana iingie kabla ya kadi

Kuna njia tatu: tovuti, simu ya kampuni, au wakala wa safari. Kwenye tovuti, ingia kwanza kwenye akaunti yako. Ukibuki kama mgeni, mfumo haujui wewe ni nani. Ukifika ukurasa wa malipo, tafuta amana yako pale. Usipoiona, simama. Usilipe kwa kadi ukitegemea watarekebisha baadaye. Piga simu, na wakati unasubiri uliza kama wanaweza kukushikia kabini hiyo kwa muda. Kampuni nyingi hufanya hivyo.

Kwa simu, sema mambo haya kwa mpangilio: namba yako ya uanachama, namba ya amana kama iko kwenye risiti, namba ya safari, kisha sentensi moja iliyonyooka: "Nataka kubuki kwa amana yangu ya safari ijayo, na nataka kuona hela ya matumizi melini kwenye buking kabla sijathibitisha." Kwa kabini ya watu wawili, hakikisha kila mmoja amewekewa ya kwake. Kosa ninaloliona mno ni la mume kuingia na amana yake, mke akabuki kama mtu wa kawaida, ilhali wote wawili walinunua.

Kama unamtumia wakala, mpe risiti yako *kabla* hajaanza. Na safari nyingine, ukiwa melini unanunua amana, waambie waandike jina la wakala wako. Ukishabuki moja kwa moja na kampuni, kuhamishia buking kwa wakala kuna muda maalumu, na muda huo ukipita, wakala hawezi kugusa chochote hata kwa kukuonea huruma.

Hatua ya 6: Pitia uthibitisho mstari kwa mstari

Chukua mfano wa watu wawili, siku saba. Tuseme nauli ni dola 900 kwa mtu, na kodi na ada za bandari ni 180 kwa mtu. Jumla ni 2,160. Tuseme tena malipo ya awali ya kawaida ni asilimia 20 ya nauli, yaani dola 360. Ukiwa na amana mbili za dola 100, kampuni inazihesabu 200 hizo kuwa ndiyo malipo yako ya awali, na siku hiyo hutoi kitu mfukoni. Salio ni 1,960.

Sasa angalia mstari mwingine, ule wa hela ya matumizi melini. Tuseme ni dola 50 kwa kila mtu. Hizo 100 hazipunguzi ile 1,960, wala hazitakiwi kuipunguza. Zinakaa pembeni zikikusubiri melini. Kama hazijaandikwa popote kwenye uthibitisho, amana yako imeingia nusu. Rudi kwao siku hiyohiyo, na wakikwambia "itajitokeza yenyewe", omba uthibitisho mpya kwa barua pepe.

Hatua ya 7: Kati ya kubuki na kuondoka

Andika kwenye kalenda siku ya mwisho ya kulipa salio. Kwa safari nyingi ni karibu siku 90 kabla ya kuondoka, na kwa zile ndefu ni mapema zaidi. Kabla ya siku hiyo una nguvu, baada yake huna. Bei ikishuka, uliza kama wanaweza kukubukia upya kwa bei mpya, na wakikubali soma tena mstari wa hela ya matumizi, kwa sababu buking mpya mara nyingine huiacha nyuma.

Ukighairi kabla ya siku hiyo, amana inayorudishwa kwa kawaida hurudi kwenye akaunti yako ikiwa na tarehe yake ileile ya zamani, huongezewi muda. Isipokuwa ulichagua nauli isiyorudishwa, ambayo ni nafuu kidogo na hushawishi. Hapo amana inafuata masharti ya nauli hiyo, na dola 100 zako salama zinageuka kuwa za kupotea. Mimi nauli hiyo huwashauri tu watu ambao likizo yao imeshasainiwa kazini.

Hatua ya 8: Melini

Siku ya kwanza, fungua programu ya kampuni kwenye simu au pita dawati la huduma, uangalie kama hela imeingia. Kulalamika siku ya kwanza kunashughulikiwa. Usiku wa mwisho foleni ni ndefu na kila mtu ana lake. Hela ya aina hii hulipa bakshishi, vinywaji, intaneti na ziara za bandarini, lakini ikibaki hupewi taslimu. Jioni ya kabla ya mwisho tazama kilichosalia, na kama hakuna unachokihitaji dukani, muulize mhudumu wa dawati kama bakshishi za safari nzima zimeshakatwa. Zikiwa bado, tayari hela hiyo ina kazi.