Miti ya kukinga upepo nyumbani: usiuzuie, uchuje

Kama upepo unapiga kelele kwenye mabati usiku kucha na vumbi linaingia mpaka kwenye sufuria, usikimbilie ukuta mrefu. Upepo ukigonga kitu kisichopitisha hewa unapanda juu, halafu unashuka kwa kishindo upande wa pili na kuzunguka hapohapo uwanjani. Miti yenyewe inauchuja, ule kidogo unaopenya kwenye majani ndo unafanya ule wa juu usishuke kwa nguvu. Kwahiyo usipande mpaka pafunge kabisa, ukisimama nyuma yake uone mwanga mwanga, karibu nusu wazi nusu imezibwa.

Kabla hujachimba shimo hata moja jua upepo mkali unatoka wapi. Funga kitambaa chepesi kwenye mti mrefu uwanjani uwe unakitazama asubuhi na jioni, majira yote, maana upepo wa kiangazi na wa mvua si lazima utoke upande mmoja. Angalia na miti ya zamani pale jirani, iliyopigwa sana imelalia upande mmoja. Mstari wako uukate upepo, usiende nao sambamba.

Sasa umbali, hapa ndo wengi wanakosea wanapanda karibu na ukuta wa nyumba, baadae mizizi inasumbua msingi, tawi linaanguka juu ya paa. Utulivu mzuri unaupata umbali wa kama mara mbili mpaka mara tano ya urefu wa mti, yaani miti ikifika mita 10 nyumba ikae mita 20 hadi 50 nyuma yake, na nafuu inaendelea mpaka kwenye mita 100 ikipungua polepole. Kiwanja kidogo? Chagua miti mifupi, usilazimishe.

Mstari upite nyumba pande zote mbili, kwasababu upepo unazunguka kwenye ncha. Na usiache pengo katikati, pengo linavuta upepo unapita kwa kasi kuliko hata kwenye uwazi wa kawaida. Njia ya kuingilia iwe pembeni au ikate mstari kwa mshazari.

Mistari miwili au mitatu inatosha, panda kwa zigizaga, vichaka upande upepo unakotokea, mirefu nyuma yake. Changanya aina, ugonjwa ukiingia usiondoke na yote. Mikaratusi inakua haraka kweli ila inakunywa maji mengi mno, mimi nisingeiweka karibu na kisima wala bustani.

Halafu tafadhali msikate matawi ya chini kwa ajili ya kuni! Chini pakiwa wazi upepo unapita hapo mbio mbio, miti mirefu ipo lakini mlangoni baridi ni ileile.

Miaka miwili mitatu ya mwanzo ndo ya kuipigania. Palilia, weka majani makavu kuzunguka shina bila kuligusa, zungushia miiba maana mbuzi akila ncha tu mche unadumaa. Chukua miche midogo ya kufika gotini, inashika ardhi haraka kuliko mirefu, na ukiifunga kwenye kijiti usikaze, iache iyumbe kidogo, kule kuyumba ndo kunanenepesha shina na kuimarisha mizizi. Ukifa mmoja zibia msimu huohuo wa mvua kabla wenzake hawajauacha mbali.