Kiingereza hakina ngeli, kwa hiyo angalia unaweka wapi maelezo

Wengi ninaowafundisha Kiingereza jioni hapa Mombasa ni vijana wanaotembeza wageni Fort Jesus. Msamiati wanao, na kuzungumza hawaogopi. Kinachowakwamisha ni sentensi ndefu, na chanzo chake nakiona katika Kiswahili chetu.

Sisi ngeli hutubebea mzigo. Sema "mlango wa ngome uliochakaa", kila mtu anajua mlango ndio mbovu. Sema "mlango wa ngome iliyochakaa", sasa ni ngome. Silabi mbili tu zimemaliza ubishi. Kiingereza kikisema "the door of the fort that is worn out", hujui kipi kimechakaa. Kwa kuwa hakina upatanisho huo, kinategemea ujirani: maelezo hushika nomino iliyo karibu nayo.

Tazama hii: "The guide showed the visitors the cannons wearing a white kanzu." Mwandishi alimkusudia mtembezaji, lakini hapo kanzu imevaliwa na mizinga. Yasogeze maelezo kwa mwenyewe: "Wearing a white kanzu, the guide showed the visitors the cannons." Kirai kama hiki kikitangulia, kiima kinachofuata mara moja ndicho kinachoelezwa. Ndiyo maana "Crossing at Likoni, the rain started" haifai. Mvua haikupanda feri. Andika "While we were crossing at Likoni, the rain started."

Sentensi ikirefuka, shika penseli:

"The fort, which the Portuguese began building in 1593 because they wanted to protect the harbour, stands at the edge of Old Town."

Vitenzi vyenye wakati ni vitatu: began, wanted, stands. Which na because hufungua vishazi tegemezi, basi vizungushie mabano. Kilichobaki, "The fort stands at the edge of Old Town", ndicho kishazi huru. Kisipobaki kitu, kama katika "Because the ferry was late", sentensi haijakamilika, hata ukitia nukta.

Mkato nao usiuchezee. "My brother, who works at the port, is ill" inamaanisha ndugu ni mmoja, na kazi yake ni habari ya ziada. Ondoa mikato, msomaji ataelewa una ndugu kadhaa na unamchagua yule wa bandarini. Hili nalisisitiza kuliko yote, maana halisikiki vizuri mtu akizungumza haraka.

Neno only nalo litazame peke yake: likihama, maana hubadilika. "Only Salim sells fish on Fridays": wengine hawauzi. "Salim sells only fish on Fridays": hauzi kingine. "Salim sells fish only on Fridays": siku nyingine usiende kwake.