Darasa moja, wasomaji wa viwango tofauti: unaanzia wapi?

Kabla hujagawa makundi, kaa na kila mtoto dakika mbili tatu akusomee kwa sauti akiwa peke yake, alama za mtihani usizitegemee sana maana hazikwambii anakwama wapi. Anza na herufi, akizijua mpe silabi, kisha maneno, aya fupi, mwisho hadithi. Pale anapogota ndo kiwango chake, hata kama wenzake wa umri ule wameshapita zamani.

Na ukisikiliza andika kosa lenyewe, usiishie kuweka tiki. Kuna anayeona "mbuzi" anasoma "buzi", huyo mrudishe kwenye silabi za mb, nd, nj. Mwingine anaona "kuli" anabahatisha mbele, imeandikwa "kulima" yeye kasoma "kulia". Alafu kuna yule anateleza ukurasa mzima bila kosa ila ukimuuliza hadithi inahusu nini anakutazama tu, na huyu ndo tunamsahau sana kwa sababu anasikika vizuri. Ukiwaweka hawa watatu kundi moja wote wanapoteza muda.

Kuchagua kitabu, hesabu maneno 100: makosa yasiyozidi 5 asome mwenyewe, 6 hadi 10 asome ukiwa naye, yakizidi 10 mtafutie chepesi zaidi.

Kipindi chenyewe anzeni wote na hadithi moja unayowasomea wewe, hata asiyejua kusoma anastahili hadithi nzuri. Baada ya hapo kazi zinatofautiana ila hadithi ni ileile: wa silabi wanaunda maneno yake kwa kadi, wa maneno wanasomeana wawili wawili, waliofika mbali wanaiandikia hadithi mwisho wao wenyewe, wewe unakaa na kundi moja. Wanaokwama zaidi kaa nao kila siku, wengine hata mara mbili kwa wiki inatosha. Na jamani yule anayejua usimgeuze mwalimu msaidizi kila siku, na yeye kaja kujifunza.

Makundi yaite rangi au wanyama, sawa, lakini watoto wanajua tu nani yuko wapi, kinachowaokoa ni kuona watu wanahama. Kila baada ya wiki tatu nne pima tena, hamisha. Mtoto akikaa kwenye silabi muhula mzima bila kusogea, badilisha unavyomfundisha, na ongea na wazazi apimwe macho na masikio, wapo ambao ubao tu hawauoni.