Usifyeke kila kitu kwenye shamba la paina

Jamani wenye paina, ile miti ya mbao, huko Mufindi na Njombe, miche ikiwa midogo piga kisahani tu, yaani palilia duara kama mita moja kuzunguka mche, maana nyasi ndo zinaunyang'anya maji na mwanga, ila katikati ya mistari fyeka juu juu mizizi ibaki imeshika udongo, mteremko ukiuacha mweupe mvua ya Januari inaubeba wote mpaka bondeni. Matawi yakishagusana achana na vichaka vya chini, majani ya vichaka ni laini, yanaoza haraka kuliko sindano za paina, yaani majani yake membamba, na kurudisha rutuba. Kiangazi sasa, hapo sicheki na mtu, safisha barabara ya moto, yaani ule ukanda wa kuzuia moto usivuke, mpaka udongo uonekane.