Kula sombe ukiwa unatumia warfarini

Mgonjwa wa warfarini (dawa ya kuzuia damu kuganda), awe amewekewa vali ya chuma kwenye moyo au damu imemganda mguuni, mara nyingi hutoka kliniki na agizo moja: acha mboga za majani. Kwa mtu wa Kigoma agizo hilo linamnyima sombe (majani ya muhogo yaliyotwangwa), matembele na mchicha, na bado halimsaidii. Linalotakiwa ni kula kiasi kilekile kila siku, kisha dozi ya dawa ipangwe kufuata chakula hicho.

Sababu iko kwenye ini. Ini hutengeneza protini za kugandisha damu, yaani protrombini pamoja na vigandishi namba VII, IX na X, lakini vikiwa vibichi havifanyi kazi. Kimeng'enya hubandika kaboksili kwenye asidi za glutamiki zilizomo ndani yake, ndipo viweze kushika kalsiamu na kung'ang'ania chembe sahani penye jeraha. Kazi hiyo haifanyiki bila vitamini K, na kila inapotumika vitamini hugeuka oksidi isiyofaa, mpaka kimeng'enya cha pili kiirejeshe katika hali yake. Warfarini huziba kimeng'enya hicho cha pili. Kwa kuwa akiba ya mwili ni ndogo, mzunguko huo ukikatwa mwili hutegemea zaidi vitamini K iliyomo kwenye chakula.

Hapo ndipo aliyeacha mboga anapopata taabu. Akiba yake ya vitamini K imekauka, hivyo sahani moja ya sombe kwenye harusi inaweza kushusha INR yake (kipimo cha jinsi damu inavyochelewa kuganda). Anayekula kila siku hayumbi kiasi hicho. INR ikishuka chini ya lengo, damu inaweza kuganda pasipotakiwa. Ikipanda sana, unavuja damu. Lengo la wengi ni 2 hadi 3, na kwa vali ya chuma ya upande wa kushoto kati ya chemba mbili za moyo huwa 2.5 hadi 3.5.

Kipimo cha nyumbani ni kikombe cha robo lita. Pakua nusu kikombe cha mboga iliyopikwa, mara moja kwa siku. Ikiwa ulikuwa umeacha kabisa, usirudi ghafla: iambie kliniki kwanza, anza na robo kikombe kila siku, upimwe INR baada ya wiki moja. Kigandishi VII hudumu saa chache tu, lakini protrombini huchukua siku 2 hadi 3 kupungua nusu, kwa hiyo kipimo cha kesho yake hakionyeshi picha kamili.

Mwanamke mzima anahitaji takriban maikrogramu 90 za vitamini K kwa siku, mwanamume 120, na nusu kikombe cha mchicha peke yake huzidi hapo. Kabichi ina kiasi kidogo zaidi, ndiyo maana kubadilisha mchicha kwa kabichi kikombe kwa kikombe ni kosa. Ugali wa muhogo, migebuka, dagaa na maharage havina uzito katika hesabu hii.

Kumwaga maji ya kuchemshia hakupunguzi vitamini K, maana haiyeyuki kwenye maji. Huyeyuka kwenye mafuta. Mawese yenyewe yana kidogo sana, ila huwezesha utumbo kuifyonza iliyomo kwenye majani, na kutwanga huvunja majani yaiachie. Sombe la mawese basi si sawa na mchicha uliochemshwa mtupu. Shika mapishi yako, na kiasi kilekile cha mafuta.

Tatizo kubwa ni majira. Masika mboga zimejaa Mwanga na Ujiji hapa Kigoma, Juni hadi Septemba mchicha unaadimika na sahani inabadilika bila mtu kutambua. Tunashauri sombe liwe mboga ya msingi, kwa kuwa muhogo hubaki na majani hata kiangazi.

Kuhara au kukosa hamu ya kula kwa siku mbili tatu hupandisha INR. Flagyl, Septrin na flukonazoli huipandisha pia, rifampisini ya kifua kikuu huishusha. Aspirini, diklofenaki na ibuprofeni huongeza hatari ya kuvuja damu hata INR ikiwa sawa. Duka la dawa waambie unatumia warfarini kabla hujataja maumivu yako. Mwanamke aliyekosa hedhi aende kliniki upesi, kwani dawa hii hudhuru mimba.

Kidonge meza jioni, saa ileile. Ukikisahau, kimeze siku hiyohiyo ukikumbuka. Ikishafika kesho, acha kilichopita, usimeze viwili. Ukipewa vidonge vya kiwanda kingine soma miligramu, kwa sababu rangi hutofautiana.

Choo cheusi kama lami, mkojo mwekundu, fizi zisizokoma kutoa damu, au kuanguka na kugonga kichwa hata kama hujisikii vibaya: nenda hospitali saa hiyohiyo na kadi yako ya INR mkononi.